Swali la Tano

2 Machi, Jumatatu

Shemeji amekuja na laptopu ya ofisini kwao, kaifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki kwa sababu ya mvua. Ameiazima mpaka usaili uishe, na ameapa kwamba ikidondoka atatuuza sisi wawili ili ailipe.

Haya yote ni kwa ajili ya dada yake, mke wangu. Ni nesi, na hospitali yao imefunga wodi ya watoto tangu mwezi uliopita bila kusema itafunguliwa lini. Sasa kuna hospitali kubwa, siku mbili kwa basi kutoka hapa, inatafuta manesi wa watoto. Usaili ni kwa video, tarehe 24 Aprili. Akipita ataishi hosteli ya manesi, na waume hawaruhusiwi humo. Akikosa tutategemea karakana yangu ya useremala, na msimu wa mvua watu hawanunui vitanda, sijui wanalala wapi.

Shemeji anasema wengi wanaanguka usaili wa video kwa ugeni tu. Dawa ni kufanya mazoezi kama kweli vile. Mke wangu akae chumba cha ndani na laptopu, mimi nikae karakana, upande wa pili wa ukuta, nimpigie kwa simu yangu. Nivae koti. Niulize maswali kumi aliyoyaandika yeye. Hakuna kucheka, na hakuna kuwa mume na mke mpaka simu ikatwe.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Una sura ya mtu ambaye hajaridhika, Shem. Wasaili wote wako hivyo."

Zoezi likiisha niandike amekosea wapi. Ndiyo naandika.

3 Machi

Zoezi la kwanza. "Kwa kweli" kila sentensi. Mvua ilipiga mabati mpaka nusu ya majibu sikuyasikia. Lakini kosa kubwa ni macho. Alikuwa ananitazama usoni kwenye kioo chake, na kwenye simu yangu ikaonekana anatazama tumbo langu. Shemeji kamwambia atazame kitundu cha kamera, kile cha juu. Ukitazama kitundu, mwenzio anaona unamtazama machoni. Ukimtazama yeye mwenyewe, anaona umeinamisha macho. Nimejaribu na ni kweli. Aliyebuni kitu hiki hakuwa na mke.

5 Machi

Hakuna umeme. Hakuna zoezi.

8 Machi, Jumapili

Ukuta uliokuwa nyuma yake una unyevu, unaonekana kama ramani. Ukuta mzuri ni mmoja tu mle ndani, ule niliopaka rangi ya samawati, na mbele yake kuna kitanda kidogo. Ikabidi tuondoe nguo za kupiga pasi zilizorundikwa juu yake, akakaa hapo. Kitanda hakikulia. Nilijua hakitalia, nilikitengeneza mimi.

Niandike tu, kwa kuwa nimeshaanza. Kitanda ni cha mtoto wetu na hakulala humo hata siku moja. Miaka miwili iliyopita, msimu kama huu, alishikwa na homa, akalazwa wodi ya mama yake mwenyewe, siku ya tatu akafariki. Alikuwa na miaka mitano. Tulimwita Meneja kwa sababu alikuwa akizunguka karakana mikono mgongoni, anakagua kazi yangu. Mimi nilikuwa Baba Meneja na mke wangu Mama Meneja, mtaa mzima ulituita hivyo. Tangu siku ile hatujaitana. Nikimtaka nasema "sikia". Yeye akinitaka anakohoa mlangoni.

Kwenye zoezi ananiita mheshimiwa. Si haba, ni jina.

12 Machi

Leo tumefika swali la tano: "Tuambie kuhusu mgonjwa uliyempoteza, na ulijifunza nini."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekwama, kumbe alikuwa anapepesa.

"Naomba turuke hilo, mheshimiwa."

Nikaruka. Shemeji aliposikia akawaka. "Kule nako ataomba waruke? Hili ndilo swali lao la kumjua mtu. Watauliza, Shem, hata wakiacha mengine."

16 Machi

Kajibu la tano kwa habari ya mzee mmoja wa wodi ya wanaume. Shemeji alikuwa kwenye simu pia, anasikiliza kutoka kazini kwake.

"Huyo mzee hata mimi sijamsikitikia," akasema. "Unaomba wodi ya watoto, Dada. Zungumzia mtoto."

20 Machi

Kazungumzia mtoto. Wa kiume, homa kali, alifariki. Jibu fupi, macho kwenye kitundu, hakuna "kwa kweli" hata moja. Niliandika: vizuri. Watoto wa kiume wenye homa ni wengi.

24 Machi, Jumanne

Shemeji kamwambia aongeze kitu kimoja kidogo ambacho msikilizaji hatasahau. Basi leo kaongeza.

"Alikataa kulala mpaka viatu vyake viwekwe mahali anapoviona. Tuliviweka juu ya stuli, karibu na kichwa."

Viatu vile nilivinunua mimi. Vilikuwa vya kahawia, vikubwa kidogo ili avivae mwaka mzima. Sikujua habari ya stuli.

Nilikuwa nimevaa koti, na simu ilikuwa haijakatwa. Nikasema, "Endelea." Sauti ilitoka ya msaili kabisa. Akaendelea mpaka mwisho akisema "mtoto huyo", nami nikamshukuru kwa jibu lake na kwenda swali la sita, kuhusu kufanya kazi na wenzako.

Tulipokata akaja karakana, akakohoa mlangoni, akauliza kama sabuni imebaki. Nikasema imebaki kipande.

27 Machi

Nimependekeza tufanye zoezi kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Nilidhani atabisha, akakubali.

30 Machi

Nimejifanya msaili mdadisi. "Mtoto huyo alikuwa anazungumza?"

Swali hilo Shemeji hakuliandika. Mke wangu alijua, nikaona shingo yake imekaza. Halafu akajibu.

"Alizungumza sana siku ya kwanza, mheshimiwa. Alimwambia daktari kitanda cha wodi kimelegea kiungo cha mguu, na kwamba anamjua fundi."

Ikabidi niweke kidole kwenye kamera. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, peke yangu kati ya maranda, miaka miwili baada ya mtoto kusema hilo neno. Nilipotoa kidole alikuwa bado ananitazama machoni. Yaani alikuwa anatazama kitundu.

2 Aprili

Mvua kutwa. Zoezi. Kwenye jibu la tano kaongeza: mtoto aliuliza kama karakana imefunguliwa.

3 Aprili

Zoezi. Hakupenda uji wa hospitali.

4 Aprili

Zoezi. Wakati mwingine namwonea wivu huyu msaili. Anaambiwa kila kitu, na mimi ninayelala kitanda kimoja na mwanamke huyu sijaambiwa hata habari ya uji. Nikivua koti tunarudi kwenye sabuni.

6 Aprili

Shemeji kasikiliza leo, akasema jibu limekuwa refu kama hotuba ya harusi. Uji utoke. Fundi atoke. Viatu vibaki. Na mwisho wa swali haujajibiwa: ulijifunza nini? "Bila hilo ni kisa tu, Dada. Wanataka funzo. Litafute, Alhamisi nisikie."

9 Aprili, Alhamisi

Nitaandika kama lilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilikaa kwenye benchi langu, koti, simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi. Shemeji alikuwa kwenye simu pia, kipicha chake kidogo pembeni. Maswali manne ya kwanza aliyapita vizuri. Nikauliza la tano. Akaanza na homa, akaja viatu, akaja siku ya tatu. Kisha akavuta pumzi.

"Nilichojifunza ni kumwambia mzazi ukweli mapema," akasema. "Majibu ya damu yalipotoka, jioni ya siku ya kwanza, niliyaona kabla ya daktari. Nilijua mtoto hataondoka wodini akiwa hai. Baba yake alikuwa pale. Alikuwa anamtengenezea kitanda kipya nyumbani, hakijaisha. Nikamwambia, nenda kamalizie kitanda, atakihitaji akirudi. Akaenda. Alikuwa na furaha, alikwenda karibu anakimbia. Kesho yake akarudi kidogo, nikamrudisha tena nyumbani. Mtoto alifariki baba yake hayupo, anapiga msasa. Mimi ndiye niliyemwondoa. Siku hizi simfichi mzazi."

Shemeji akapiga makofi. "Hapo sasa! Dada, hapo umewashika. Hata mimi mwili umenisisim..."

Akakoma. Nikamwona kwenye kile kipicha anaziba mdomo kwa mkono. Kipicha kikazimika.

Tukabaki wawili. Nilikuwa natazama msasa uliokuwa juu ya benchi, kipande kilichotumika nusu, nikajiuliza kama ndio ule ule, na huo ni upumbavu, msasa gani unakaa miaka miwili. Miaka miwili nimewaambia watu kwamba haikuwezekana kujua. Walipokuja kutupa pole nilisema, hata madaktari hawakujua, ilikuwa ghafla. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu nikisema hivyo, akatingisha kichwa kukubali.

Na kitanda kile. Nilizungusha kingo zote kwa mkono ili asijiumize. Nilipaka ukuta rangi. Nilipiga mluzi, Mungu wangu, nakumbuka nilipiga mluzi.

Akaanza kulia. Kilio kilipitia ukutani kwanza, halafu baada ya nukta moja kikafika kwenye simu. Nikasikia kila kwikwi mara mbili. Nikakata simu. Ikabaki ile ya ukutani, na hiyo haina pa kukatia.

10 Aprili

Nimeenda kupachika milango mipya kwenye duka la rangi. Nimerudi.

11 Aprili

Mvua.

12 Aprili

Mvua. Shemeji amepiga mara nne. Sijapokea.

14 Aprili, Jumanne

Shemeji amekuja mwenyewe, kalowa chapachapa. Hakuingia ndani kwa dada yake, alikuja karakana moja kwa moja, akasimama kama mtu aliyekuja kudai.

"Shem, mimi sikujua. Naapa sikujua ni ninyi. Nilifikiri ni baba wa mtoto mwingine."

"Nimesikia."

"Zimebaki siku kumi. Chukia baada ya hapo. Mkianza kufa njaa mtachukiana vizuri zaidi?"

Nikamwambia ana mdomo. Akasema anaujua, ndio unaomlisha.

Ukweli ni huu. Nikikataa kufanya mazoezi, ataanguka, na atabaki hapa, nami nitakuwa naye kila siku, mezani, kitandani, akikohoa mlangoni. Nikimsaidia, ataondoka. Sijui ni lipi kati ya hayo ninalotaka, na kutokujua kunanitia hasira kuliko lile jambo lenyewe.

15 Aprili

Nimevaa koti. Nimepiga. Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Swali la tano," nikasema. Sikusalimia.

Akajibu, sauti ikivunjika kwenye kitanda.

"Rudia."

Akarudia, ikavunjika kwenye msasa.

"Rudia. Msaili hataki machozi."

Nikawa namrudisha mwanzo mpaka mwanga ukaanza kupungua dirishani. Hakubisha hata mara moja. Ilitakiwa nione huruma, sikuiona.

17 Aprili

Rudia.

18 Aprili

Rudia.

20 Aprili, Jumatatu

Leo kalisema lote bila kutetemeka. Jioni ya kwanza, kitanda, furaha, msasa, funzo. Macho kwenye kitundu. Sauti laini, imetulia, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Shemeji akisikia atasema ni jibu la kuchukulia kazi mahali popote.

Nilitaka aumie. Nimefanya kazi hiyo kama ninavyopiga randa, mkupuo juu ya mkupuo, na sasa pamekuwa laini na hakuna kinachokwaruza. Amekisema kifo cha Meneja na hakikumuuma, na aliyefanya hivyo ni mimi. Baada ya kukata simu nilisubiri nisikie kitu ukutani. Hakukuwa na kitu.

21 Aprili

Hakuna zoezi. Sina hamu ya kulisikia tena.

23 Aprili

Wingu zito tangu asubuhi. Mvua ikipiga mabati kesho, hawatamsikia. Nimepanda juu ya chumba cha ndani na sponji za makochi ya zamani, nikazitandaza bati zima, nikazikandamiza kwa mbao. Ikinyesha zitanyonya na mlio utapungua. Nilikuwa bado na hasira, nazungumza peke yangu huko juu, mwanamke huyu, mwanamke huyu, huku nabana kila pembe isije ikapeperuka. Aliponiona kupitia dirishani akatoka nje. Akanishikia ngazi.

24 Aprili, Ijumaa

Usaili.

Nilikaa sakafuni, nje ya macho ya kamera, mgongo kwenye mlango ili mtu asiingie. Mvua ilikuja kama nilivyodhani na sponji zikafanya kazi, ilisikika kwa mbali tu. Wasaili walikuwa watatu: mama mmoja mwenye miwani, kijana anayeandika, na daktari aliyekuwa anakula kitu.

Wakamuuliza uzoefu wake. Wakamuuliza dozi ya mtoto kwa uzito. Wakamuuliza kama ana tatizo na zamu za wikiendi. Yule mama akauliza ataweza kuripoti lini. Nikawa nahesabu maswali yao kwa vidole, nikingoja. Nikamwona mke wangu naye anangoja, ameliweka jibu mdomoni.

"Tunashukuru," yule mama akasema. "Tutakupigia."

Kioo kikawa cheusi.

Mke wangu akabaki ametazama kitundu, mikono magotini, mgongo umenyooka.

"Hawakuuliza," akasema.

"Hawakuuliza."

Nikainuka, miguu imekufa ganzi. Hakuna aliyejua pa kwenda ndani ya chumba kile kidogo. Nikatoka kwenda kuangalia kama sponji zimekaa.

30 Aprili

Amepita. Anaondoka Jumapili.

2 Mei, Jumamosi

Shemeji anakuja jioni kuchukua laptopu ya ofisini. Mchana nilikuwa karakana natengeneza kufuli ya sanduku la mke wangu, yeye akiwa ndani anakunja sare zake. Mvua haijanyesha tangu juzi, nadhani msimu umeisha.

Simu ikalia. Ni video. Ni yeye, kutoka upande wa pili wa ukuta.

Nikapokea. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Meneja, ukuta wa samawati nyuma yake, kitambaa cha kazi kichwani.

"Mheshimiwa," akasema, "kuna swali moja halikuulizwa."

Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Nikalitazama, nikaliacha hapo hapo.

"Tuambie kuhusu mgonjwa uliyempoteza," nikasema.

Akaanza lile jibu. Mtoto wa kiume, homa kali, viatu. Lilitoka lenyewe, laini, kama nilivyolifundisha. Alipofika "baba yake alikuwa pale" akanyamaza. Nikasubiri. Mtaani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, nikausikia mpaka ukapotea.

"Baba Meneja," akasema.

Miaka miwili. Nilishika ukingo wa benchi.

"Sikukurudisha nyumbani ili nikufiche. Hilo nililitengeneza kwa ajili ya shemeji yako, alitaka funzo. Nilikurudisha kwa sababu kila nikigeuka ulikuwa umekaa pale unatabasamu. Unamwambia habari za kitanda. Nilikuwa najua, na uso wako ulikuwa haujui, na mimi sikuweza kuutazama. Nikasema aondoke, nimwangalie mtoto tu. Niliona bora ukose kumuaga kuliko mimi nikutazame."

Sikusema nimesamehe, maana sijui kama nimesamehe. Nilikuwa na neno kali tayari, nimelitunza tangu tarehe tisa. Lilikuwa bado lipo.

Lakini nilikuwa namtazama kwenye simu, na macho yake hayakuwa kwenye kitundu. Yalikuwa chini, kwenye tumbo langu, kama siku ile ya kwanza, na yalikaa hapo hayapepesi wala hayaondoki. Kwa kanuni za Shemeji hilo ni kosa, na kazi yangu msimu mzima ilikuwa kumwambia ainue macho.

Sikumwambia. Nikasogeza simu karibu na dirisha, penye mwanga, ili uso wangu uonekane vizuri.